Virusi Havionekani, Sasa Viko Wapi?

Nimechora kirusi mara nyingi kuliko nilivyochora ramani ya Tanzania. Sekondari, kisha tena Kidato cha Tano, kisha mwaka wa kwanza hapa chuoni: duara, miiba pembeni, uzi katikati, mishale ya majina. Mtihani ukiisha, kirusi nacho kinaisha. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniambia tunajuaje kwamba kiko hivyo, wala kinafanya nini kikishaingia ndani ya seli iliyo hai. Nilikuwa nakichora kama watu wanavyochora malaika, kwa imani tu.

Ningeendelea hivyo hivyo mpaka nistaafu kama si karatasi moja.

Mwaka jana kwenye BTP nilipangiwa shule ya kata mkoani Singida, baiolojia Kidato cha Pili. Darasa lilikuwa kubwa na watoto wanaogopa kuuliza mbele ya wenzao, basi nikachukua boksi la biskuti, nikalitoboa juu, nikaliweka nyuma ya mlango. Andika swali, usiandike jina. Wiki ya kwanza nikapata vituko mnavyovijua (eti, Madam, una mchumba?). Wiki ya pili tulipoanza mada ya virusi, nikakuta kipande kilichokunjwa mara nne. Kilisema hivi: kuna mtu anameza dawa toka mdogo, juzi kliniki wamemwambia virusi havionekani, sasa viko wapi? Na akiacha dawa itakuwaje?

"Kuna mtu." Jamani, nani hajui "kuna mtu" ni nani?

Jioni ile kwenye ofisi ya walimu kuna aliyenishauri nilinganishe mwandiko na madaftari, ili "tumsaidie." Nilikataa. Mtoto alikunja karatasi mara nne ili asijulikane, na mimi ndiye niliyemuahidi kwamba hatajulikana. Nilinakili swali kwenye shajara yangu, nikachana karatasi vipande vidogo. Darasani nikasema swali la virusi nitalijibu Alhamisi ijayo, kwa darasa zima.

Nilikuwa na siku sita. Jibu la kitabuni nililijua: kirusi kinajificha ndani ya seli. Lakini mtu wa miaka kumi na tano anayemeza kidonge kila usiku haulizi ili apate maksi. Anapima kama aendelee au aache. Na neno lenyewe la kliniki linamchanganya. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku, kitu kisichoonekana kinakaribia sana kuwa kitu ambacho hakipo. Funguo hazionekani, simu haionekani: imeenda hiyo. Nikataka kujua kama kuna mtu yeyote duniani aliyewahi kukiona kirusi kimejificha, kwa macho, kwenye seli inayopumua. Nikanunua bando la usiku nikaanza kusoma.

Kwanza tuondoe hadubini yetu ya maabara. (Hadubini, wapendwa. Darubini ni ya kutazamia mbali.) Kwa hadubini ile utaona seli za kitunguu, na damu ikipakwa rangi vizuri utaona hata vimelea vya malaria. Kirusi huoni, na kosa si la lenzi. Mwaka 1873 Mjerumani Ernst Abbe alionyesha kwamba mwanga wenyewe una mpaka: vitu viwili vikikaribiana kuliko kama nanomita 200 hivi, mwanga wa kawaida unaviona kitu kimoja chenye ukungu. Kirusi cha UKIMWI kina upana wa kama nanomita 120. Hadubini ya elektroni inakiona vizuri sana, na zile picha za vitabuni zenye miiba zilitoka huko, lakini sampuli inayoingia humo imekaushwa au kugandishwa. Ni picha ya maiti. Inakuonyesha kirusi kikoje. Kilikuwa kinaelekea wapi, haikuambii.

Njia ya kuona kilicho hai imetokana na kitu ambacho wengi wenu mmekiona disko. Ile taa ya zambarau ikiwashwa, shati jeupe linawaka utadhani lina umeme. Sabuni nyingi za unga zina kemikali inayomeza mwanga ambao jicho halioni na kutema mwanga wa bluu ambao jicho linauona. Ndiyo mchezo uleule wa wakala wa pesa anapoipitisha noti chini ya kitaa chake, alama fulani zikang'aa. Wataalamu wanaita floresensi. Kitu kinameza mwanga wa rangi moja, kinatema mwanga wa rangi nyingine.

Sasa weka mchezo huo kwenye hadubini. Unapiga sampuli kwa mwanga mkali wa bluu. Kabla mwanga haujafika kwenye jicho, unapita kwenye kichujio kinachozuia bluu yote na kuruhusu kijani tu. Matokeo yake, kila kitu kinakuwa giza isipokuwa kile kinachotema kijani. Na hapa ndipo mpaka wa Abbe unapozungukwa kijanja. Usiku wa Singida, nje ya mji, nyota ni nyingi mpaka unapotelea humo. Hakuna nyota hata moja unayoona ukubwa wake. Unaona nukta ya mwanga, na hiyo inatosha kukuambia ipo na iko upande gani. Kirusi kilichobeba kitu kinachong'aa kinaonekana hivyohivyo: miiba huoni, nukta unaiona, na nukta ikisogea unaifuata.

Mwanzoni teknolojia hii nayo ilikuwa ya maiti. Miaka ya 1940 Mmarekani Albert Coons aligundua jinsi ya kuibandika rangi inayong'aa kwenye kingamwili. Kingamwili inatafuta adui yake, inamshika, na pale ilipomshika panawaka. Kipimo cha kichaa cha mbwa kinachoaminika duniani mpaka leo kinatumia wazo hilo. Lakini fikiria kinavyofanyika: lazima upate ubongo wa mbwa. Mbwa ameshakufa, unachukua kipande cha ubongo, unakipaka kingamwili zenye rangi, unatazama kama kuna nukta za kijani kibichi. Kwa mtu aliyeumwa na mbwa huyo ni kipimo cha maana sana. Ila hakiwezi kukuonyesha kirusi kinavyotembea, maana seli zimeshakufa na kukaushwa kwenye kioo. Kingamwili ni kubwa, haiingii ndani ya seli hai kwa urahisi. Kwa kawaida unaiua seli kwanza ndipo unaitoboa.

Kilichobadilisha mambo ni konyeza, yule mdudu wa baharini laini kama uji anayewasha ngozi. Mjapani Osamu Shimomura alikwenda Friday Harbor, jimbo la Washington, kiangazi cha 1961 kutafuta kinachomfanya konyeza wa huko ang'ae. Shimomura huyu alikuwa kijana wa miaka 16 si mbali na Nagasaki siku bomu la atomiki lilipoanguka, na mmweko ule ulimpofusha kwa muda. Akaja kutumia maisha yake kutafuta mwanga mdogo kabisa. Yeye na wenzake, pamoja na mke wake na watoto, walivua konyeza wanaokadiriwa kufika 850,000 kwa miaka mingi, wakiwakata kingo na kuzikamua kwenye kitambaa. Humo wakapata, pamoja na walichokuwa wanakitafuta, protini nyingine ya kijani. Leo inaitwa GFP. (Na mwenye Kiswahili chake anajua kukonyeza ni kufanya nini. Sijui nani alimpa mnyama huyu jina, ila alimpa linalomfaa.)

Uzuri wa GFP ni kwamba haihitaji msaidizi. Maelekezo yake yote yako kwenye jeni moja. Douglas Prasher aliinakili jeni hiyo na kuichapisha mwaka 1992, akaishiwa ruzuku, akawagawia wenzake sampuli bure. Mwaka 1994 Martin Chalfie akaiweka kwenye bakteria na kwenye mnyoo mdogo, wote wakang'aa wakiwa hai. Roger Tsien akatengeneza rangi nyingine. Nobeli ya kemia ya 2008 ilikwenda kwa Shimomura, Chalfie na Tsien. Prasher siku hiyo alikuwa dereva wa kampuni ya magari mjini Huntsville, Alabama. Chalfie na Tsien walimlipia safari ya Stockholm, na yeye alizungumza bila kinyongo, lakini mimi kinyongo ninacho kwa niaba yake. Tunaohesabu siku za bumu tunajua kuishiwa katikati ya kazi kukoje.

Sasa rudi kwenye kirusi. Kirusi ni maelekezo ndani ya mfuko. Ukichomeka jeni ya GFP katikati ya maelekezo yake, seli ikianza kumtumikia kirusi inatengeneza na GFP pia, bila kujua. Seli iliyoambukizwa inawaka kijani, jirani yake mzima anabaki giza. Hutoboi wala huui. Unaweka seli kwenye kisahani cha kioo chenye joto la nyuzi 37, unakaa, unatazama.

Na watu wamekaa wakatazama. Mwaka 2002 David McDonald, Thomas Hope na wenzao walichapisha picha za HIV ikiwa ndani ya seli hai, chembe zenye GFP zikisafiri kwenye nyuzi za ndani ya seli kuelekea kiini. Zilikuwa zinafuata njia, kama daladala yenye ruti. Mwaka 2008 kikundi cha Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, kilitazama chembe mojamoja zikijengwa kwenye ngozi ya seli. Kirusi kimoja kilichukua kama dakika 5 au 6 kukamilika. Muda wa kusubiri chai ipoe. Mwaka 2009 wengine wakarekodi seli ya kinga iliyoambukizwa ikiigusa nzima, virusi vikikusanyika pale zilipogusana, kisha vikavuka. Video hii ndiyo niliyoishusha saa nane usiku, na niliitazama mara nyingi sana. Nilikuwa nimefundishwa kwamba virusi "husambaa." Sikuwahi kufikiria kwamba seli inamsogelea mwenzake na kumkabidhi.

Lakini bado hiyo ni seli inayowaka. Swali la mtoto lilikuwa juu ya ile isiyowaka.

Mwaka 2003, San Francisco, Albert Jordan, Dwayne Bisgrove na Eric Verdin waliziambukiza seli kwa HIV yenye GFP. Kisha wakazichagua zile ambazo hazikuwaka kabisa. Kwa macho, seli safi. Wakazipa kemikali ambayo mwili hutumia kuziamsha seli za kinga wakati wa ugonjwa. Baadhi zikawaka kijani. Kirusi kilikuwa humo muda wote, kimejichomeka kwenye jeni za seli, kimelala kimya. Niliposoma hapo niliweka simu chini. Hilo ndilo swali la karatasi, limejibiwa na watu waliouliza jambo hilohilo nikiwa bado sijaanza chekechea.

Ila kuna tatizo: kabla hujaiamsha, utaijuaje iliyolala na isiyoambukizwa kabisa? Zote giza. Mwaka 2013 kikundi cha Vancouver na kingine cha San Francisco kila kimoja kikaja na virusi vya rangi mbili. Kwenye kile cha Vancouver, rangi nyekundu inawaka kirusi kikiwa kimeingia tu, hata kama kimelala, na kijani inawaka pale kinapofanya kazi. Seli nyekundu tupu: kimo, kimelala. Nyekundu na kijani: kimeamka. Giza: hakimo. Waligundua kwamba sehemu kubwa ya virusi vilivyoingia ililala mapema kabisa baada ya maambukizi.

Hapa niweke wazi kitu ambacho hata wenzangu wa maabara wanachanganya. Huwezi kuchukua damu ya mtu ukaiweka chini ya taa ukaona virusi vyake vinawaka. Virusi vyake havina GFP. GFP huwekwa na mtafiti. Kliniki haitumii njia hii. Inahesabu nakala za maelekezo ya kirusi kwenye damu, na zikiwa chini ya 50 kwa mililita mara nyingi ndipo husemwa "havionekani." Kipimo kinahesabu vinavyoelea kwenye damu, hakihesabu vilivyolala ndani ya seli. Na hadubini yenyewe ina udhaifu wake: mwanga mkali ukizidi unaichoma seli unayotaka iishi, rangi inachuja kadiri unavyoitazama, na kirusi ulichokibebesha mzigo kinaweza kisiwe na mwendo wa kirusi cha mtaani. Tena seli nyingine hung'aa zenyewe kidogo bila kirusi chochote. Mtafiti asiyeweka sampuli za kulinganishia anaweza kushangilia takataka.

Siku moja kabla ya somo nilikwenda kituo cha afya kuongea na muuguzi wa CTC. Nilimwonyesha mpango wa somo. Alisoma kimya, akaniambia niongeze jambo moja: anayemeza dawa vizuri na virusi vyake havionekani, hamwambukizi mwenza wake kwa ngono. "Wengi wao wanadhani hawataoa," alisema. Kisha akanieleza kwa nini wao husema dawa za *kufubaza*. Hilo neno nimelisikia maisha yangu yote kwenye redio na sikuwahi kulisikiliza. Kitambaa kikifubaa, hakijachanika. Rangi imepungua, kitambaa kipo.

Alhamisi nilifundisha vipindi viwili mfululizo. Nilitumia laptopu yangu, wanafunzi wakija makundi makundi kutazama nukta za kijani. Nilichora nyumba ubaoni: wezi waliolala darini, wezi waliotoka barabarani. Nikasema dawa haimfikii aliyelala. Inamngoja barabarani, kila anayeamka na kutoka anakuta milango ya nyumba nyingine imefungwa. Ndiyo maana kipimo kinakuta barabara tupu. Mlinzi akienda likizo, ndani ya wiki chache barabara inajaa tena, kwa sababu darini hawajaisha. Robert Siliciano na wenzake wa Johns Hopkins walikadiria kwamba hata kwa dawa nzuri, seli hizo zinapungua kwa nusu kila miezi kama 44. Watoto wakapiga hesabu wenyewe, wakapata miaka mingi kuliko umri wa babu zao. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo Madam, mlinzi anazeeka na sisi?" Nikamwambia ndiyo, kwa sasa ndiyo, ila kuna watu wanatafuta namna ya kuwaamsha wezi wote na kuwamaliza, na wengine namna ya kuwalaza usingizi wa moja kwa moja. Hizo seli za rangi mbili ni mojawapo ya zana wanazojaribia dawa hizo.

Niliangalia ubao muda mwingi kuliko kawaida yangu. Sikutaka jicho langu litue kwa mtu, nikadhani nimejua, na yeye akadhani nimejua.

Kwa mnaokwenda BTP mwaka huu na mna mada ya virusi: hadubini ya floresensi hamtaipata shuleni, ila wazo lake mnaweza kuwaonyesha wanafunzi. Nunua manjano, ile binzari ya kutia mchuzi rangi, na spiriti ya duka la dawa. Koroga kijiko kidogo kwenye nusu glasi ya spiriti mbali na moto, acha itulie, mimina maji ya juu kwenye chupa safi. Fungeni madirisha kwa khanga, mulika kwa taa ya kukagulia noti, na chupa itawaka kijani-njano. Weka pembeni chupa ya pili yenye chai ya rangi inayofanana nayo. Mchana hawataweza kuzitofautisha. Chini ya taa moja inawaka, nyingine giza. Taa isielekezwe machoni. Na manjano ya pakiti niliyoanza nayo iliwaka hafifu sana, nadhani ilichanganywa unga, kwa hiyo tafuteni mizizi sokoni muitwange wenyewe.